Mama Jolie na Redio ya Zimamoto

Kabla watu wa Malvern, mtaa wa Toronto, hawajaanza kusita kupokea simu yake, Thacienne, Mama Jolie kwa wengi, alikuwa mwanamke ambaye kila nyumba ya Wakongo na Warundi wa parokia ilifurahi kumwona mlangoni. Ubatizo haukupangwa bila yeye kuulizwa. Harusi ilipungukiwa uzito kama Mama Jolie hakukaa meza ya mbele. Na msiba ukitokea, ni yeye aliyejua nani apigiwe simu kwanza kule Uvira, nani Bujumbura, na nani asiambiwe neno mpaka mtu amefika kwake na kuketi. Alikuwa na miaka sitini na saba, amesomeshwa na masista, anaandika Kifaransa bila kosa, na hakuna jirani aliyewahi kumwona mlangoni anaazima chumvi. Jina la marehemu mumewe, mwalimu Déo Kashindi, alilibeba kama mtu anayepita kati ya wageni na sinia la glasi.

Redio aliitafuta mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Déo afariki, na nyumba ilikuwa imezidi ukimya. Jolie, binti yake wa pekee, alifanya kazi maabara; akirudi anakula amesimama, kisha anaingia chumbani kwake. Televisheni Thacienne hakuipenda, aliona inamsemesha kama mtoto. Alichokikosa ni sauti za watu walio kazini, watu wanaosema maneno machache kwa sababu wana haraka. Sauti hizo alizijua tangu usichana wake.

Kwa miaka kumi na moja aliendesha foni, redio ya kuitana ya jimbo la kanisa, Uvira. Wakati huo simu hazikufika milimani. Kila misheni ilikuwa na redio yake kubwa, na asubuhi waendeshaji waliitana hewani, kituo baada ya kituo. Dawa zimekwisha. Gari la padri limekwama. Fulani amejifungua salama. Fulani amekufa. Thacienne aliandika yote daftarini: saa, kituo, maneno yenyewe. Habari ya kifo aliinakili kwenye karatasi, akaikunja, akampa padri. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba mwendesha foni habebi habari ya kifo kwa mdomo wake. Padri na wazee wawili ndio waliokwenda nyumbani kwa mfiwa, wakaketi, wakaomba maji, ndipo wakasema. Mwaka mmoja wa vita alipokea habari ya kaka yake mwenyewe. Aliiandika, akaikunja, akaitoa, akaita kituo kilichofuata. Jioni padri alipokuja kwake na wazee wawili, wakaomba maji, Thacienne aliwaletea maji, akaketi, akawasikiliza kama asiyejua lolote. Ndipo akalia. Habari hiyo ilisimuliwa Uvira kwa muda mrefu, na ndiyo iliyomfanya mwalimu Déo atume watu kwao kumposa.

Basi mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, alipanda treni hadi mji jirani wa Pickering kwa mzee mmoja aliyeweka tangazo mtandaoni. Mzee huyo aliitwa Diogo, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, fundi wa redio mstaafu. Alikuwa na chumba kizima cha mitambo, na mezani ameweka skana tatu, zile redio za mkononi zinazozunguka masafa moja baada ya jingine mpaka zikute mtu anaongea.

"Hii ndogo haina maringo," alisema, akiigeuza kiganjani. "Betri inakaa siku nzima. Kidude hiki ni cha sauti, hiki ni cha kuzima ule mvumo. Ukikifungua sana inakoroma, ukikifunga sana husikii kitu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimeendesha foni miaka kumi na moja, Bwana Diogo."

Mzee akavua miwani amtazame upya. Kutoka jikoni mkewe, Socorro, akapaza sauti: "Mama, mchukue na mwenyewe humo humo kwenye mfuko! Nyumba yangu imejaa antena, sina hata pa kuanika nguo."

"Usimsikilize huyo," alisema Diogo. "Sasa, polisi wamejifunga kwa msimbo. Ambulensi vilevile. Huko utasikia kama kuku anayekoroma. Lakini ndege utawapata, na reli, na zimamoto. Zimamoto ndio watamu, hao bado wanasema wazi." Aliinua kidole. "Ila jambo moja, mama. Kusikiliza, ruhusa. Ulichosikia humpelekei mtu, wala hukitumii kwa shughuli zako. Sheria ya hapa haitaki, na si mchezo."

"Hilo nalo nalijua," alisema Thacienne, na kweli alilijua kuliko huyo mzee.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Redio ilisimama dirishani karibu na picha ya Déo, na Thacienne aliketi na daftari jipya la mistari. Alijifunza marubani wanavyoaga mnara na zimamoto wanavyoitana kwa namba za magari yao. Alijifunza kwamba mtu akianguka, zimamoto hufika mara nyingi kabla ya ambulensi, na kwamba mtu asiyepumua hawamwiti maiti. Husema hana dalili za uhai, kwa sauti ileile ya kusoma namba ya mlango. Aliandika saa, jengo, maneno. Mkono wake ulikumbuka kazi. Jolie akipita humtikisia kichwa na kusema kitu kwa Kiingereza, kama kawaida yake; anaelewa kila neno la Kiswahili lakini hajibu kwacho.

Kisha Jumanne moja asubuhi redio ikataja jengo la tatu kutoka kwake, ghorofa ya tisa, na namba ya mlango aliyoijua, kwa kuwa alisali rozari mle kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Mwanamume, miaka sabini, hana dalili za uhai. Alikuwa Papa Nestor.

Thacienne hakuwa na padri wa kumkunjia karatasi. Alikaa na kalamu mkononi, akamfikiria Léocadie, mke wa Nestor, peke yake kati ya wanaume wenye kofia ngumu wanaomsemesha Kiingereza. Akachemsha chai, akaijaza kwenye chupa, akajifunga kitambaa cheusi, akaenda. Alipofika walikuwa wamemaliza. Léocadie alikuwa sakafuni koridoni, kiatu kimoja mguuni.

"Mama Jolie," alisema. "Nani amekuambia? Sijampigia mtu."

"Nilihisi tu nije," alijibu Thacienne.

Maneno matatu. Angeweza kusema mengine, lakini hapakuwa mahali pa kueleza mambo ya masafa na betri, na alijisamehe papo hapo. Kwenye matanga Léocadie aliisimulia habari hiyo mara saba, nane. Wanawake wa kwaya walimtazama Thacienne kwa macho ya unyenyekevu. Ana karama, walisema, Roho humtuma. Yeye aliinamisha kichwa na kukoroga chai. Tangu Déo afe hakuna aliyemtazama hivyo, na hakuona kosa kubwa katika kutojibu.

Baada ya hapo alikwenda kwa mwingine, aliyeteleza bafuni. Kisha kwa mwingine tena. Miezi minne, nyumba tatu, na kila mara alifika na chai kabla simu hazijaanza kupigwa. Kama kuna aliyeanza kujiuliza, hakusema.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Spès.

Spès alikuwa Mrundi wa miaka hamsini hivi, mwanamke mwembamba wa maneno machache, anayehudumia wazee katika makao mawili, zamu juu ya zamu. Alimlea mama yake, Bibi Consolata, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kumtoka. Majira ya baridi yaliyopita walimkuta kituo cha basi kwenye theluji, amevaa kandambili, anauliza gari la kwenda Bujumbura. Tangu siku hiyo Spès alisema amepata mtu wa kukaa naye mchana.

Alasiri ya Alhamisi redio ikataja jengo lao. Jirani wa chini amesikia kishindo na mtu akigugumia. Thacienne akaandika saa. Ikapita kimya kidogo, kisha sauti ya mwanamume, tulivu: mlango una kufuli kwa nje, tunavunja. Kimya tena. Kisha: mwanamke, miaka themanini hivi, yuko peke yake, hana dalili za uhai, tunasukuma kifua.

Kwenye neno kufuli kalamu ilisita. Thacienne alikuwa amefanya kazi makao ya wazee miaka tisa kabla ya kustaafu; alijua kumfungia mzee ndani kuna uzito gani katika mji huu. Hata hivyo aliandika kama lilivyosemwa. Ndivyo alivyofundishwa. Akachemsha chai, akajifunga kile kitambaa, akaenda.

Alikuta mlango umevunjwa na hakuna mtu. Msimamizi wa jengo alikuwa ameshuka kutafuta mbao, na zimamoto walikuwa wamemteremsha mgonjwa kwa lifti ya mizigo. Thacienne akasimama pale koridoni, chupa mkononi, akingoja wa kumpa pole. Lifti ya watu ikafunguka. Akatoka Spès na mifuko ya dukani, maziwa yakiwa juu. Aliona kitambaa cheusi kwanza. Kisha chupa ya chai. Mlango alikuwa hajauona bado.

"Mama Jolie," alisema polepole. "Umekuja kwa nani?"

Thacienne aliishusha chupa ya chai. Wakati huohuo simu ya Spès ikalia. Ilikuwa hospitali. Mama yake amerudishiwa pumzi, yu hai, aje upesi.

Bibi Consolata aliishi siku tatu. Jumapili alfajiri akakata roho, na hadi misa ya saa tano maneno yalikuwa yamezunguka parokia nzima. Mama Jolie alifika na nguo ya msiba na chai ya moto, na bibi bado anapumua. Alikuja kumchukua. Umekuja kwa nani? Swali la Spès likawa la kila mtu. Wakahesabu nyuma: Nestor, yule wa bafuni, yule mwingine. Jambo lililoitwa karama likapata jina jingine, ambalo hakuna aliyelitamka mbele yake.

Alilisikia hata hivyo, kwa namna wanavyosikia wanawake. Alipiga simu kumi, zikapokelewa mbili. Kanisani benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili. Ariane, mama kijana aliyeongoza kwaya, alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Thacienne alipoinama amsalimie mtoto, Ariane alivuta shali taratibu, akamfunika uso, huku akitabasamu.

"Ana mafua, mama," alisema.

"Pole yake," alijibu Thacienne, akajikaza kisabuni mpaka kwenye kituo cha basi.

Jolie aliyapata kazini, kwa Mrundi mmoja anayefanya naye kazi maabara. Alirudi na koti mwilini, akasimama mbele ya dirisha akiinyooshea redio kidole, na Kiingereza kilimtoka kwa kasi. Ama mama awaambie watu ukweli, ama yeye atawaambia. Wanaulizana kama kitu hicho hurithiwa na mabinti.

"Niwaambie nini?" Thacienne alimuuliza. "Kwamba nilisema nimehisi, kumbe nimesikia? Kwamba mke wa mwalimu Kashindi amekula heshima ya watu kwa uongo? Baba yako hakuwahi kuitwa mwongo."

Jolie akajibu kwamba sasa anaitwa mume wa mchawi, na kwamba mama mwenyewe achague. Neno hilo, mchawi, alilitamka kwa Kiswahili.

Wiki ile Papa Yvan, mwenyekiti wa jumuiya, alipiga simu. Zamani alikuwa wakili Bukavu. Sasa anaendesha basi la shule, lakini aliendelea kusema kama yuko mbele ya hakimu. Kwa heshima zote, Mama Jolie aje ukumbi wa parokia Jumamosi mchana. Kuna maswali. Spès ameomba yaulizwe.

Ijumaa Thacienne alifungua daftari kwenye ukurasa wa siku ile. Kila kitu kilikuwapo: tarehe, saa, jengo, ghorofa, maneno ya zimamoto moja baada ya jingine. Mwenye akili yeyote angeusoma akaona hapakuwa na uchawi, kulikuwa na redio. Ukurasa ule ungemrudishia jina lake kwa dakika moja. Na katikati yake, kwa mwandiko wake safi, mstari mmoja: mlango una kufuli kwa nje.

Alimjua Spès. Alijua yule mtu wa kukaa na bibi mchana hakuwahi kuwapo, na alijua kwa nini. Anayelipwa kuosha wazee wa watu hana cha kumlipa mtu amwoshee wake. Mstari huo ukisomwa ukumbini, hadi Jumatatu utakuwa umefika kwenye makao anakofanya kazi, na huko hakuna atakayeuliza habari za kandambili na theluji. Utafika na Bujumbura. Spès ataitwa aliyemfungia mama yake afe.

Kuuchana ukurasa hakuweza. Hakuwahi kuchana daftari.

Jumamosi ukumbi ulikuwa na watu ishirini hivi, viti vimepangwa duara. Papa Yvan alisimama. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Hatumhukumu mtu. Tunauliza tu. Spès, sema."

Spès hakusimama. Alikuwa na nguo nyeusi, mikono mapajani. "Nilimkuta mlangoni kwangu," alisema. "Ana kitambaa cha msiba. Ana chai. Mama yangu alikuwa hai. Mimi mtoto wake sikuwa na habari. Yeye alijuaje?"

"Mchawi gani huyo anayepanda basi kwenye theluji?" alisema Léocadie kutoka nyuma. "Wa kwetu walikuwa wanaruka."

Wawili walicheka, wakanyamaza upesi.

"Mama Léo, tafadhali," alisema Papa Yvan. "Mama Jolie. Ulijuaje?"

Thacienne akafungua mkoba, akaitoa redio, akaiweka mezani kwenye kitambaa cha kufuma, akaiwasha. Ilikoroma kidogo. Kisha sauti ya mwanamume ikajaa ukumbini, ikiita gari namba fulani, ikitaja mtaa, jengo, moshi ghorofa ya sita. Watu wakanyoosha shingo. Ikajibu sauti nyingine. Thacienne akaizima.

"Niliinunua mwezi wa tatu," alisema. "Nasikiliza zimamoto. Siku ya Nestor nilisikia, sikuhisi. Nilimwambia Léocadie uongo, na mlipouita karama nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, naliomba radhi. Jingine sina."

Ukumbi ulivuta pumzi. Mtu mmoja akasema, "Kumbe." Mwingine akacheka kwa kupoa moyo. Kwa muda mfupi kabisa, Thacienne aliona jina lake linarudi kwake, nyuso zikifunguka moja moja.

Ndipo kicheko kikakatika. Ariane alikuwa ameinua uso.

"Kwa hiyo, mama," alisema, "hata ile siku zimamoto walipokuja kwangu? Mwezi wa sita?"

"Nilisikia," alijibu Thacienne.

Ariane akamweka mtoto begani, hakuuliza zaidi. Lakini kila aliyekuwa pale alikuwa ameanza kukumbuka. Hakuna nyumba kwenye majengo yale ambayo hawajawahi kuingia wale wanaume wenye kofia ngumu, mwaka huu au uliopita: kwa kijana aliyemeza vidonge, kwa mume aliyelewa akapiga kioo, kwa jiko lililosahauliwa na mtoto aliyeachwa peke yake. Macho yaliyokuwa yanamtazama Thacienne yalihamia sakafuni.

Papa Yvan akakohoa. "Na unaandika?"

"Naandika."

"Yote?"

"Kama yalivyosemwa."

"Basi tusomee ya siku ile ya marehemu Consolata. Tusikie wenyewe, jambo liishe."

Thacienne akafungua daftari. Ng'ambo ya duara Spès alikuwa anamtazama. Uso wake haukuonyesha hasira yoyote. Ulionyesha kitu ambacho Thacienne alikijua kutoka mezani kwa foni, uso wa mtu anayeona karatasi iliyokunjwa inakuja. Hapo akaelewa kwa nini Spès alitaka maswali yaulizwe. Hakuwahi kuamini habari za uchawi. Alitaka kujua tu huyu mwanamke anajua kiasi gani.

Thacienne akasoma. Tarehe, saa, jengo, ghorofa. Jirani amesikia kishindo. Akafika kwenye mstari ule, akaupita, na lile neno la peke yake pia, kwa sauti ileile, bila kupumzika: "Mwanamke, miaka themanini hivi, hana dalili za uhai, tunasukuma kifua." Akafunga daftari.

"Ni hayo," alisema. "Nilidhani amekufa. Ndiyo maana nilivaa nyeusi."

Papa Yvan alikuwa wakili kabla ya kuwa dereva. Alinyoosha mkono. "Nione ukurasa, mama. Kwa utaratibu tu."

"Humu mna habari za watu wengi, Papa Yvan," alisema Thacienne. Akasema na lile ambalo hakukusudia. "Na zako zimo."

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi mfukoni.

"Naona tumeelewana," alisema Papa Yvan. "Tusali."

Habari ya uchawi iliisha siku hiyo. Hakuna aliyeitaja tena. Thacienne akipiga simu, inapokelewa mlio wa kwanza. Kanisani walimsogelea, wakampa mkono kwa mikono miwili, wakambebea mkoba. Alipotaja jambo, hakuna aliyempinga. Alipokaribia kundi, mazungumzo yaligeuka kuwa ya hali ya hewa. Jolie alisema afadhali sasa. Thacienne alitaka kukubali. Jina la Kashindi lilikuwa limesimama, na hapakuwa na mtu Malvern aliyethubutu kulisema vibaya. Ila alijua kwa nini hawathubutu.

"Umewafunga midomo, dada," Léocadie alimwambia kwenye ngazi za kanisa. "Hata mimi."

"Wewe una nini cha kuogopa?"

Léocadie aliangalia magari. "Niliwaambia watu kwamba siku ya Nestor nilikuwa jikoni."

"Zimamoto hawakusema ulikuwa wapi, Léo. Sikuandika kitu."

"Ndiyo," alisema Léocadie. "Najua ungesema hivyo." Akashuka ngazi.

Jumamosi ya pili rozari ya jumuiya iliangukia nyumbani kwa Thacienne. Zamani wangekuja sita au saba. Siku hiyo walikuja wote, hata wasiosali. Papa Yvan alikuja na suti. Ariane alimleta mtoto bila kumfunika. Viti havikutosha, wakakaa hadi kwenye zulia, wakaitikia salamu Maria kwa sauti moja, macho mbali na dirisha ilipokuwa redio.

Walipomaliza, Spès akaingia kutoka koridoni na sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Hakuielekeza mezani kwenye vyakula vingine. Aliiweka mbele ya Thacienne, akafungua fundo, akainua mfuniko. Ndagala, dagaa wa Tanganyika, kwa mawese, na bugali pembeni kwenye sahani yake.

"Hiki ni chako peke yako, Mama Jolie," alisema. "Nimekipika kwa mkono wangu. Nilikukosea."

Waliokuwa kwenye zulia wakageuka. Bujumbura kama Uvira, anayemletea mtu chakula huonja kwanza, mbele ya macho yake. Hakuna anayefundishwa, mtu humega tonge, akala, akasogeza sahani. Hata hapa Toronto, hata kwa keki ya dukani, mkono huenda wenyewe. Wote waliokuwa pale walingoja mkono wa Spès.

Spès alikunja mikono kifuani.

Thacienne aliitazama sahani. Akimwambia aonje, amemwita muuaji mbele ya watu ishirini. Nao watauliza ni kitu gani kilichomo daftarini hata Spès atake kumuua mtu. Akiisogeza kando akasema ameshiba, wataona amekataa suluhu, na lile neno lililokuwa limelala litaamka, safari hii pamoja na Jolie. Huenda hapakuwa na kitu zaidi ya chumvi na mawese. Huenda Spès amesahau tu, kwa huzuni. Alimtazama machoni, akaona hajasahau.

Jolie alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alianza kusema kitu kwa Kiingereza, haraka. Thacienne akainua kiganja bila kugeuka, binti akanyamaza.

Akanawa. Akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akala. Alitafuna kwa utulivu kama alivyofundishwa na masista.

"Chumvi imekaa sawa," alisema.

Watu wakaanza kusogea. Mtu alicheka pembeni, sahani zikagongana, Papa Yvan akaomba chai. Spès akapiga goti kando ya kiti, karibu kabisa, kama binti anayesalimia, na akasema kwa sauti ambayo mwingine hakuisikia:

"Ulisoma vizuri siku ile, mama."

"Nilisoma yaliyofaa."

"Na daftari?"

"Lipo mahali pake."

Spès alitikisa kichwa taratibu kukubali. Akaufuta mfuniko kwa ncha ya kitenge. "Basi kama lipo, Jumamosi nitaleta tena," alisema.

"Lete," alisema Thacienne.

Akamega tonge la pili, kwa kuwa bado kulikuwa na waliokuwa wanamtazama.